Bibi Maua Hasahihishi

Shuleni walimwita Bi Makopo, na jina hilo alilitolea jasho. Kopo la maziwa likiisha kwenye chumba cha walimu, kabla halijafika pipani alikuwa ameshalidaka, ameliosha na kulibandika karatasi yenye neno la Kifaransa. Miaka ishirini na minane alifundisha Kifaransa kwa vitabu sita na wanafunzi arobaini, akaona heri afundishe kwa takataka kuliko kulialia kila kikao.

Alikuwa na duka zima la makopo na pakiti tupu kwenye kona ya darasa. Alikuwa na saa ya kadibodi, na simu mbili mbovu: wanafunzi wawili wanapeana migongo, kila mmoja na mkono wa simu sikioni, waelewane bila kuonana midomo. Alikuwa na sanduku la nguo kuukuu. Mmoja anasafiri, wenzake wanamwambia afungashe nini na aache nini. Siku moja mafua yalimkausha sauti, akafundisha kipindi kizima kwa mikono na macho, na darasa likaongea kuliko siku zote. Tangu hapo kila mwezi alijitia bubu siku moja. "Wenzako wakistaafu watahama na makabati," mwalimu wa hesabu alimtania, "wewe utahama na jalala." Alicheka pamoja naye, kisha kengele ikilia akaenda zake nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na viti viwili. Kimoja alikikalia yeye, cha pili kilikaliwa na makopo, maana mwenye kiti alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita. Mwanawe wa pekee aliishi mji mwingine. Alipiga simu Jumapili: "Shikamoo mama, mzima? Niko kwenye foleni hapa, nitakupigia." Foleni hiyo ilikuwa na urefu wake, kwani miaka ilipita na kijana hakutoka ndani yake.

Sasa, msimwonee huruma upesi. Darasani Bi Makopo hakuwa mtu wa mchezo. Daftari likipita mikononi mwake lilirudi kama limechinjiwa kuku, wino mwekundu juu mpaka chini. "Anwani kwanza!" alifoka kila walipoandika barua. "Pembeni, juu, kulia! Barua bila anwani ni mlango bila kitasa." Wanafunzi waliufyata. Walijua sarufi kuliko shule yoyote ya jirani, lakini ukiwaambia waandike jambo lao wenyewe, wanaandika mistari mitatu mifupi, salama, isiyo na kosa wala uhai.

Hilo lilimkera. Ndipo akambuni Bibi Maua.

Alileta boksi la viatu, akalitoboa tundu, akalitundika kando ya mlango wa darasa. Akawaambia kidato cha kwanza kwamba yuko rafiki yake ng'ambo, bibi muuza maua karibu na stesheni ya treni, ambaye hajui lugha nyingine ila Kifaransa na anapenda kupokea barua. Kila Ijumaa watumbukize zao. Yeye atazituma zote katika bahasha moja, na majibu yatapitia kwake. Majibu aliyaandika mwenyewe kwa wino wa kijani na mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane. Na Bibi Maua hakusahihisha. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kazi. Mtoto akikosea neno, bibi hakulipigia mstari. Alimjibu tu kwa kulitumia lile neno vizuri, na barua iliyofuata mtoto alikuwa ameshalirekebisha bila mtu kumwaibisha.

Walimwandikia hao! Barua za mistari mitatu zikawa kurasa mbili. Walipofika kidato cha tatu wengi walikuwa wameshashtuka, wakakonyezana, wakaendelea kucheza. Wakimaliza shule waliacha, kama mtu anavyoacha kucheza kombolela.

Mmoja hakuacha. Alikaa dirishani, hakunyoosha kidole, wenzake wakamwita Kimya. Kwa Bibi Maua, Kimya alifunguka. Alimwandikia jinsi baba yake alivyoondoka asubuhi moja na begi la kazini asirudi. Alimwandikia kwamba mama yake halii ila anapopika. Aliandika pia, "Mwalimu wetu ana roho ngumu," na Bi Makopo, akiwa peke yake mezani, akajibu kwa mkono wa kushoto: "Huenda amechoka, ua langu la dirishani." Ndivyo alivyomwita kila barua.

Kimya alimaliza shule, akasomea uuguzi, akaajiriwa hospitali ya mjini humo humo, na barua zikaendelea kuja kwa sanduku la posta la shule. Utasema mtu mzima anadanganywaje miaka minane. Nami nakuambia, ukiwa na mtu mmoja tu unayemweleza mambo yako, hutamkagua meno kama mnunuzi wa punda. Na upande wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Goti la Bibi Maua lilianza kuuma mwezi uleule lilipoanza kuuma goti la Bi Makopo. Bibi Maua naye alikuwa na mtoto asiyetoka kwenye foleni. Uongo ulikuwa maua, stesheni, na paka wa jicho moja aitwaye Waziri. Yaliyobaki yalikuwa kweli tupu, na hakuna mwingine duniani aliyeyajua.

Kisha ikaja barua ya furaha. Kimya alikuwa amechaguliwa kwenda ng'ambo kwa mafunzo ya miezi tisa, katika mji wenye stesheni hiyo hiyo. "Nitashuka kwenye stesheni yako," aliandika. "Niambie tu unakaa upande gani wa mlango. Nina zawadi, na nataka kumshika Waziri."

Bi Makopo aliisoma amesimama. Wazo la kwanza lilikuwa kumuua Bibi Maua, ugonjwa mfupi, yaishe. Akachukua kalamu ya kijani. Lakini barua ya msiba aiandike nani? Marehemu mwenyewe? Paka? Akacheka peke yake, kisha akaiweka kalamu chini, maana alielewa anachotaka kukizika. Akimuua bibi, hatapata barua tena. Akisema kweli, pengine hatapata pia. Alikaa siku nne na jambo hilo, siku ya tano akamtumia Kimya ujumbe: "Njoo kabla hujasafiri, mwanangu. Nina neno."

Kimya alikuja Jumamosi alasiri, ametoka zamu, viatu vyeupe miguuni. Bi Makopo alikuwa ameyaondoa makopo kwenye kiti cha pili.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, kaa. Hujambo?"

"Sijambo. Afadhali umeniita, hata mimi nilitaka ushauri wako." Alifungua mfuko, akatoa shali ya sufu ya zambarau, nzito, ameifuma mwenyewe. "Kule baridi, na yeye anakaa nje siku nzima na lile goti lake. Unamjua kuliko mimi. Ataipenda rangi hii?"

"Ataipenda," Bi Makopo alisema, na sauti yake ikawa ndogo. Akatafuta njia ya pembeni, kama waoga wote. "Ila, mwanangu, nasikia amehama pale stesheni. Haijulikani amekwenda wapi. Mimi naona… ukifika huko uwe unaniandikia mimi."

Kimya uso ulimshuka. Lakini alikuwa mtoto mwenye adabu, akajaribu kutabasamu. "Wewe, Mwalimu? Nikuandikie nini sasa? Utasahihisha."

Hakulisema kwa ubaya, na kwa hiyo liliingia mpaka mfupani. Bi Makopo alimwonea wivu bibi kizee ambaye hayupo. Miaka yote hiyo upole alimpa yule, wino mwekundu akabaki nao yeye, na sasa mtoto alikuwa amekaa mbele yake, kwenye kiti cha marehemu mume wake, akimlilia mtu mwingine.

Alivuta droo, akatoa kalamu ya kijani. Akaihamishia mkono wa kushoto. Akaandika kwenye kipande cha karatasi, polepole, herufi zikiegemea nyuma kama zilivyoegemea siku zote: *Ua langu la dirishani.* Akamsogezea.

Kimya aliishika karatasi, akapitisha kidole juu ya herufi. Nje mtu alikuwa anakokota ndoo kwenye saruji.

"Kwa hiyo yale ya baba ulikuwa unayasoma wewe."

"Ndiyo."

"Halafu asubuhi unaingia darasani, unatuambia tufungue ukurasa wa arobaini."

"Ndiyo, mwanangu."

"Wiki ile hukuniita ubaoni hata mara moja. Nikadhani umenisahau."

"Sikukusahau."

"Na paka?"

"Sijawahi kufuga paka."

Kimya alitikisa kichwa taratibu, kama muuguzi anayesikiliza dalili. Alikunywa maji aliyokaribishwa, yote, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Akainuka. "Nashukuru, Mwalimu. Bado sijafungasha." Alikuwa ameshafika mlangoni Bi Makopo alipoona shali bado iko kitini.

"Shali yako, mwanangu!"

"Si yangu," alisema Kimya, akaenda.

Jumatatu iliyofuata Bi Makopo aliwaambia kidato cha kwanza, bila kupamba, kwamba majibu ya Bibi Maua anayaandika yeye. Mmoja aliuliza kama basi sasa atasahihisha. Akasema hapana. Hawakumwamini.

Mwezi wa kwanza tangu Kimya asafiri, alipita kwa karani wa shule kila siku kuulizia posta. Mwezi wa pili akaenda mara moja kwa wiki, akijifanya anafuata chaki. Mwezi wa tatu karani alianza kutikisa kichwa akimwona tu kwa mbali, nayo ilikuwa huruma, lakini ilimchoma. Nyumbani alivaa ile shali, ingawa hakukuwa na baridi ya kuvaliwa shali. Jasho lilimtoka, hakuivua.

Mwezi wa nne ikaja kadi yenye picha ya stesheni. Karani aliikimbiza mwenyewe hadi mlangoni mwa darasa. Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Kimya, kwa Kifaransa:

*Nimefika stesheni yako. Maua wanauza upande wa kushoto wa mlango. Muuzaji ni kijana na hana paka. Nilisimama pale mpaka treni mbili zikapita.*

Palikuwa na makosa matatu. Bi Makopo aliyaona yote kwa mara moja, hakuweza kutoyaona, na mkono ukaenda wenyewe mfukoni penye kalamu nyekundu. Akaurudisha mtupu. Kisha akatazama pembeni, juu, kulia.

Hapakuwa na kitu. Akaigeuza kadi, akatafuta kando ya stempu, akatafuta hata kwenye picha, juu ya paa la stesheni. Anwani ya shule ilikuwapo, ya Kimya mwenyewe haikuwapo. Tangu kidato cha kwanza Kimya alikosea mengi, lakini anwani hakuwahi kuisahau.

Ijumaa wanafunzi walipotoka, alikaa kwenye dawati la dirishani akaandika jibu. Aliandika kwa mkono wa kulia. Alieleza kuhusu goti, kuhusu mwanawe na foleni yake, na kwamba shali inamkaa vizuri. Alitia sahihi jina lake mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na pa kuituma, aliitumbukiza kwenye boksi la viatu kando ya mlango.

Jumatatu alilifungua, maana ndiye mwenye kulifungua. Zamani za Bibi Maua boksi lilikuwa halifungiki kwa kujaa. Safari hii zilikuwamo barua nne za wanafunzi, fupi fupi, salama, na ya tano yake.