Mitungi Nyuma ya Hoteli

Mkinicheka, mjue hapa Nyeri siko peke yangu.

Mimi ni msemaji wa ofisi ya maji. Juzi, kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu maji, niliwahakikishia wageni kwamba mifereji ya mji wetu haikauki. Wakanipigia makofi. Wakati wa chakula nikatoa mitungi kwenye buti ya gari, nikazunguka nyuma ya hoteli kuchota. Nyumbani mfereji umebaki pambo tu.

Nikashtukia mama mmoja mzungu kutoka mkutanoni amesimama kando yangu. Akauliza kwa Kiingereza mitungi ni ya nini.

"Ni maonyesho," nikamjibu bila haya. "Hivi ndivyo akina mama wa Doldol, kule kwenye ukame, wanavyoteseka."

Machozi yakamlengalenga. Akanisaidia kuinua mtungi.

Mara akatokea mkubwa wangu, yule aliyefungua mkutano, mtungi kila mkono. "Ukimaliza uniachie hiyo mfereji," akasema. "Mama Wairimu ameapa nisirudi nyumbani bila maji."

Nikashukuru Mungu kwamba mgeni hajui Kiswahili. Ndipo akatugeukia na kuuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu:

"Na huyu Mama Wairimu, naye anaishi Doldol?"