Pomadi ya Yaya Viktorina

Hapana, haikukuwa bukoma. Mutulie kwanza. Ilikuwa mapunye tu, ile duara ya ku ngozi inawashaka mupaka muntu anajikuna mbele ya padiri. Lakini minashangala mupaka leo, na miaka yote hii!

Munakumbuka tulipokuwa badogo mu kambi, Lubumbashi ingali inaitwa Elizabetvili? Baba yangu alikuwa anatumika kazi ku reli. Nyumba za matofali zimepangwa sawa meno ya chanuo, na asubui king'ora inalia, jogoo zenyewe zinanyamaza kwa haya. Siku ya posho tunabeba bunga, kalanga na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, mikono inanukia kalanga mupaka kesho yake. Mangaribi siye basichana tunaruka, tunapiga makofi, vumbi nyekundu inaingia mu mapua. Na hakuna mutoto alikuwa na kitu yake peke. Chanuo moya, kitambaa moya, mukeka moya, batoto sita. Njo vile mapunye ilikuwa inatembea mu nyumba kama mugeni mwenye kuyua njia.

Yaya yangu Viktorina, dada yetu mukubwa, alikuwa amechumbiwa na Silvesta, kijana wa mugodi ya Kipushi. Muzuri, Yaya! Anapita, banaume banasahau kufunga mudomo. Basi duara moya ikamutoka ku shingo. Mama akamupeleka ku dispanseri, kwa Anfirmie, muuguzi wa kambi, muntu mweusi kama siye, lakini sauti yake ilikuwa inapitia mu mapua kama ya Babeleji: "Maten e suar, Mama! Asubui na mangaribi! Hata duara inapotea, pakala tena mayuma mbili! Na chanuo yake, yake peke!" Akamupatia kopo ndogo ya pomadi nyeupe, yenye kunuka kali.

Sasa mama yangu. Yeye alikuwa anasemaka pole pole, kama muntu anachagua mawe mu mupunga: "Ee-e! Dawa muzuri vile, kuimaliza siku za bure? Hii ni ya siku ya Mungu." Kweli! Akaifunga mu sanduku pamoja na kikwembe yake ya kuvaa Noeli. Kila siku ya Mungu, mbele ya misa, anamupakala Yaya kidogo, shingo inang'ara, bamama bengine banaona wivu. Siku zingine, bule. Lakini mapunye haikukuwa Mukatoliki. Yeye alikuwa anatumika kazi siku zote. Kisha mwezi kupita, duara ilikuwa imepanda mupaka nyuma ya sikio.

Njo bakwe bakakuya kumaliza maneno ya ndoa. Mukubwa yabo alikuwa Shangazi ya Silvesta, mwanamuke mwenye sauti ya tarumbeta. Yaya anapiga magoti kumunawisha mikono, kitambaa yenye Mama alimufunga kuficha duara ikateremuka ku shingo. Shangazi akaruka:

"Bukoma! Bana bangu, munataka kutupatia mukoma!"

Mayi ikamwangika. Mama akamurudishia Yaya kitambaa ku shingo. Kule inje, bajirani balianza kuvuta batoto zabo. Na munayua ile maana yake: si ndoa tu inakufa. Mukoma alikuwa anachukuliwa, anapelekwa kuishi mbali na bantu bake. Yaya hakulia. Aliniangalia tu, kama muntu anaaga.

Baba akasimama: "Kesho twende bote ku dispanseri. Hata weye, Shangazi. Ujionee na macho."

Tulienda bote, Silvesta naye nyuma. Anfirmie akamufunga Yaya macho, akagusa duara na pamba. "Unasikia?" "Ndiyo." Akamudunga kidogo na sindano. Yaya akapiga kelele, Mama we! Anfirmie akacheka mu mapua: "Mukoma hasikiaka pale. Huyu, hata Kipushi bamemusikia! Ni mapunye. Pomadi yangu iko wapi?" Mama akatoa kopo mu kikwembe. Ingali imejaa. Anfirmie akaiangalia ile kopo, akamwangalia Mama: "Hii nilikupatia ya kupakala ao ya kuangalia?"

Shangazi hakutosheka. "Na ile mapunye aliitoa wapi? Mu nyumba ya buchafu siye hatuoi! Ndoa imekufa!"

"Inatoka ku ngozi ya muntu moya, inaingia ku ngozi ya mwengine," Anfirmie akajibu. Macho yake ikaenda pa mulango. Silvesta alikuwa amesimama pale, mu joto ya mwezi wa kumi, na shati imefungwa mupaka ku kidevu. "Bwana, fungua ile shati."

Ah, ba rika yangu, leo nani angemufungulisha shati? Mujukuu yangu mwenye kuikala mu mutaa ya Bel-Air ananunua pomadi ya mu tube. Anapakala siku mbili, haiwashi tena, anatupa, anavaa perike, nywele ya kununua, juu, anajipiga picha. Ukimuuliza, anapindua mudomo kwa bibi yake: "Kambo, siku hizi ni vile." Na mapunye inalala chini ya perike bila kulipa nyumba. Zamani shingo ya mutoto ilikuwa ya kambi muzima. Kila mama anakusimamisha mu njia, anakugeuza kichwa: "Kuya hapa, nini hii?" Nilikuwa nachukia sana. Leo nimezeeka, hakuna muntu anaangalia shingo yangu.

Silvesta akafungua. Duara! Pacha ya ile ya Yaya, pale pale ku shingo. Yesu Maria! Mama akaikala chini. Baba akaweka mukono ku mushipi. Silvesta akarudi nyuma: "Baba, naapa, tulikuwa tunasalimiana ya mukono tu." Shangazi, mwenye alikuya kuvunja ndoa, akaangalia shingo ya mutoto wa ndugu yake, akaangalia mukono ya ule kijana, akasema neno moya, na kesi ikaisha, tukaanza kupanga arusi:

"Toka lini mukono inaotaka ku shingo?"