Mie Mnyasa, Kwetu Wawi

Nimeanza kupika katika nyumba ya wageni ya Tibirinzi, hapa Pemba, mjukuu wangu mkubwa hajaota meno, na sasa ananyoa ndevu. Wanaolala vyumba vya juu huulizia mkate wangu wa kumimina kabla hawajauliza kitanda. Kwa hiyo siku niliyoambiwa mgeni ni mimi, sikucheka.

Tajiri wetu, mwenye nyumba hiyo, alisikia kwamba watu wa Kazi na Uhamiaji watapita mahotelini kukagua nani anafanya kazi na kwa ruhusa gani. Ukikutwa na mtu wa nchi nyingine asiye na kibali, unatozwa faini, pengine unafungiwa mlango. Khofu ikamwingia. Akamleta kijana kutoka Unguja, suruali imembana kama ngozi, amtengenezee karatasi za wafanyakazi kabla ya ukaguzi. Tukaitwa mmoja mmoja mbele yao wawili.

"Shikamoo, bibi. Kabila lako?"

"Marahaba. Mie Mnyasa."

Hapa kwetu ukiulizwa kabila, unamtaja mzee wako wa mbali. Babu yake mama aliletwa na kazi ya karafuu, akaoa Wawi, akazikwa Wawi. Mama yangu kalala karibu yake, nami pangu nimeshapachagua. Lakini yule kijana aliinua macho kama kaona nyoka.

"Nyasa ni Malawi, bibi. Kibali chako cha kazi kiko wapi?"

"Kibali cha kukoroga tui?"

Mwenzangu anayefua mashuka alikuwa mlangoni. "Bi Mkubwa, leo warudishwa kwenu. Utuletee zawadi."

Tajiri hakucheka. Akaniambia, macho chini, nipumzike nyumbani mpaka jambo langu liwekwe sawa. Tajiri huyu, niliyempikia pilau la harusi yake! Nikavua aproni, nikaiacha juu ya kiti chake.

Usiku ule sikula. Wamehangaika na maandalizi yao, na kitambulisho changu cha Mzanzibari hakuna aliyekiomba. Wameuliza babu tu, basi. Asubuhi nikakifunga penye pindo la kanga, nikenda nacho, nikakiweka mezani mbele yao wote wawili. Kijana akakigeuza huku na huku.

"Basi yamekwisha, bibi."

"Kwako yamekwisha."

Tajiri akanifuata jikoni, anaongea kwa sauti ya msikitini. "Bi Mkubwa, wakija wakaguzi, hayo ya Unyasa yaache. Sema Mpemba, yatosha."

Hapo ndipo nilipoungua. Kutolewa kazini kwa ujinga wa mtu ningeweza kukumeza. Lakini mzee aliyevunjika mgongo chini ya mikarafuu ya kisiwa hiki nimfiche kama kitu cha wizi, ili tajiri alale usingizi? Nikamwambia atoke, moshi utamharibia kanzu.

Wakaguzi wakaja kweli. Mmoja, mama wa makamo, miwani kaining'iniza shingoni, akaingia jikoni na tajiri nyuma yake. Akaomba kitambulisho, akakitazama, akanitazama, akanirudishia. Hakuuliza kingine. Tajiri akashusha pumzi.

"Na mie Mnyasa," nikamwambia yule mama.

Tajiri akakohoa.

"Sikukuuliza hilo, Bi Mkubwa."

"Najua. Nimekwambia mwenyewe."

Nikageuka kufunua mkate, maana ulikuwa umeshaanza kushika chini.