Nilivyopakia bunduki ya bosi nikidhani ni vyuma vya hema, njia ya Jeddah kwenda Riyadh

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Haya sikusimuliwa na shoga yangu. Yalinikuta mimi mwenyewe Mwanaisha wa Msambweni, na nikitia chumvi hata punje moja, modi anifungie akaunti leo leo.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya ule uzi unaowaka moto humu, wa haki ya raia kumiliki silaha. Kuna wanaosema kila mwenye nyumba apewe bunduki yake alale salama. Kuna wanaotaka hata manati ipigwe marufuku. Nimesoma kurasa zote, nimecheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye pekee humu niliyewahi kuvuka kizuizi cha polisi na bunduki kwenye buti huku nikila njugu na kuimba.

Twende taratibu.

Nilikuwa Jeddah, mtaa wa Rawdah, kazi za ndani. Mwaka wangu wa tatu. Nyumba haikuwa mbaya. Madam ana maneno mengi lakini hana roho mbaya, na Baba, yaani mume wake, ni mtu wa ofisini, akirudi anauliza chakula na rimoti, basi.

Zilikuwa zile siku mambo yanafunguka Saudia. Sinema zimefunguliwa, muziki unasikika mikahawani, na kubwa kuliko yote, wanawake wameanza kuendesha magari. Madam alipopata leseni yake ya udereva tulipiga vigelegele jikoni mpaka jirani akapiga simu kuuliza nani kaolewa.

Sasa hapo ndipo mkosi ulipopenyea. Madam alipoanza kuendesha, Baba akasema dereva wa nyumba wa nini tena? Halas, akarudishwa kwao. Lakini yule dereva hakuwa akiendesha tu. Ndiye aliyekuwa akipakia gari. Alijua kila mfuko wa stoo una nini. Kazi hiyo ikaniangukia mimi, na hakuna aliyenionyesha mfuko hata mmoja.

Ikafika baridi. Madam akatangaza kwamba tunakwenda Riyadh kwa dada yake, mimi na yeye, kwa gari, na yeye ndiye anashika usukani mwanzo mwisho. Baba atabaki kazini. Wakuu, mimi nilifurahi kama mtoto! Miaka miwili na ushei nimeiona Saudia kupitia dirisha la jikoni, leo naambiwa nikae kiti cha mbele.

Na njiani tutafanya kashta. Kwa wasiojua, kashta ni kutoka kwenda kukaa jangwani. Mnatandika mkeka, mnawasha moto, mnakunywa gahwa, ile kahawa yao, na tende, na mnasimamisha kihema cha kukinga upepo. Wasaudi wanaipenda kupita maelezo.

Madam, ambaye jina langu hulikata, akaniambia, "Aisha, panda stoo ya juu, chukua vitu vya kashta vyote. Usisahau hema, na mfuko wake wa vyuma."

Nikapanda. Hema nikaliona. Mfuko mrefu wa turubai ya kijani umeegemea ukutani, mzito, ndani kitu kigumu cha chuma. Nimuulize nani? Nikaubeba begani, nikashuka nao ngazi zote, nikaulaza kwenye buti chini ya mablanketi. Hata zipu sikufungua. Nyumba za watu ukizoea kufungua zipu utaitwa mwizi siku moja, ndivyo tulivyofundana sisi wa kazi za ndani.

Tukaondoka baada ya alfajiri. Madam anaendesha na miwani ya jua, mimi napiga picha kila jiwe. Tukapanda milima ya Taif, zile kona, nasoma dua na kucheka kwa pamoja. Mbele kidogo kizuizi cha polisi. Askari akaangalia leseni ya Madam, akaangalia ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, akatabasamu, akasema safari njema dada zangu. Tukapunga mikono. Mimi nikampungia mara mbili.

Nikiikumbuka ile mikono najificha uso mpaka leo.

Saa tano na kitu tukaacha lami, tukaingia jangwani kidogo. Madam akaanza kuhangaika na birika. Mimi nikashusha hema, nikauvuta mfuko wa kijani, nikafungua zipu nitoe vyuma.

Kikatoka kitako cha mbao.

Nikavuta tena. Mtutu.

Wakuu, nilipigwa na butwaa. Nikajisikia nasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Madam, hivi vyuma vina kifyatulio."

Madam akageuka. Kikombe kikaanguka mchangani. Akapiga yowe, "Bunduki ya Baba!"

Ngoja niwaeleze, maana mtajiuliza. Baba alikuwa mwindaji wa ndege pamoja na rafiki zake. Bunduki ni ya halali na ina leseni kwa jina lake. Zamani ilikaa kwenye kabati la chuma chumbani kwao. Kabati likaharibika kufuli, Baba akaipeleka stoo "kwa siku mbili tu". Siku mbili za mwanamume kutengeneza kufuli mnazijua wenyewe.

Na hapa wale mnaojadili sheria sikilizeni. Mimi si wakili, nasema nilivyoelezwa siku ile. Leseni kule ni ya mtu, haiendi na nyumba wala ukoo. Mwenye jina lake ndiye mwenye kuishika. Mke hapana, ndugu hapana. Mgeni mwenye ikama kama mimi ndiyo kabisaaa hapana. Sasa pale jangwani kulikuwa na wanawake wawili na bunduki moja, na mwenye leseni yuko Jeddah anakunywa chai.

Madam akampigia. Akaweka spika. Baba akasema, "Mafi mushkila, hakuna tatizo. Ifunikeni, endeleeni Riyadh. Gari la wanawake halipekuliwi."

Madam akapumua. Akaanza kukusanya vitu, "Yalla Aisha, yalla, turudishe garini."

Mimi nilikuwa nimeshaketi mchangani, sikusimama.

Wiki tano zilikuwa zimebaki nirudi nyumbani. Tiketi ilishaongelewa. Binti yangu Rehema nilimwacha hajui kufunga kamba za viatu, sasa ananitumia voice note za Kiingereza. Nikawaza, kizuizi kijacho wakitupekua, hii bunduki itakuwa ya nani? Nani aliibeba begani? Alama za vidole vya nani zimejaa kwenye ule mfuko?

Nikamwambia, "Madam, nisamehe. Tukikamatwa, wewe una mume, una kaka, una jina la ukoo. Mimi nina ikama tu."

Akaniangalia kama kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Unataka nini, Aisha?"

"Twende polisi wenyewe. Tukienda tunatoa taarifa. Tukikutwa nayo tunaficha. Kwetu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua."

Akasema Baba atakasirika. Nikasema najua. Akasema wanaweza kunishika mimi. Nikasema hilo nalijua zaidi. Wakuu, msinione jasiri, niliogopa kweli. Lakini kuogopa mbele ya polisi nikiwa nimekwenda mwenyewe kulinipa nafuu kuliko kuogopa nimejibanza kwenye kiti cha gari.

Madam akazunguka gari mara mbili. Akafungua mlango. "Panda."

Tukarudi barabarani. Kituo cha karibu sikitaji. Njia nzima Madam anarudia, "Mimi ndiye nitasema, wewe nyamaza." Nikasema sawa.

Tukafika. Afisa alikuwa mtu mzima, ndevu za mvi, mpole. Madam akaeleza vizuri tu, kwamba tumekuta silaha ya mume wake kwenye buti. Askari wawili wakaenda kuitoa, wakaikagua, haina risasi. Alhamdulillah.

Halafu afisa akauliza swali moja.

"Nani aliyepakia gari?"

Madam akatoa funguo za gari.

Nikamsubiri. Kweli nilimsubiri. Anaangalia funguo za gari mkononi, anazizungusha. Yule mwanamke mwenye maneno mengi, siku ninayohitaji neno lake moja, hana.

Nikasema, "Ana." Yaani mimi.

Afisa akanyoosha mkono, akachukua ikama yangu, akaitia kwenye droo, akafunga. Ule mlio wa droo niliusikia mpaka kwenye meno. Nikaambiwa nikae kwenye kiti cha plastiki. Madam kiti cha sofa.

Tulisubiri Baba atoke Jeddah. Masaa matano hivi, labda zaidi. Nilimkasirikia Madam, siwafichi. Nikajikasirikia mimi, nani alinituma kujifanya mwerevu? Tungekuwa tumeshafika Riyadh tunakula wali wa kabsa. Nikatunga kichwani jinsi nitakavyomwambia mama asimwambie Rehema niko wapi. Hapo machozi yakanitoka, na askari mmoja akaniletea maji.

Baba akaingia amevurugika, gutra yake ya kichwani imekaa upande. Hata salamu hakumaliza. "Mfanyakazi amekosea," akamwambia afisa, "hajui kusoma vitu. Mimi leseni ninayo, hii hapa."

Afisa akaisoma leseni taratibu. Kisha akaanza, na wakuu, natamani mngekuwepo!

"Silaha ilikuwa wapi?"

"Stoo."

"Pamoja na nini?"

"Vitu vya kashta."

"Imefungiwa?"

"Mlango wa stoo una kufuli."

"Ufunguo anao nani?"

Baba akakohoa. Akanitazama mimi. "Mfanyakazi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Basi muda wote huu umemkabidhi huyu mama silaha yako bila kumwambia. Amekosea nini?"

Baba akainyoosha gutra yake.

Ndipo Madam akasimama. Sijui alipata wapi nguvu. Akasema, "Nikwambie ukweli, afisa. Nilimtuma mimi. Mume wangu alitaka tuendelee na safari, na mimi nilikuwa nimeshakubali. Huyu Aisha ndiye aliyekataa. Bila yeye tusingekuwa hapa, ingekuwa bado kwenye buti."

Akaja akakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu yangu. Hasira yangu ikayeyuka yote pale pale. Mimi ni mwepesi wa kusamehe, ndiyo ugonjwa wangu.

Baba hakutupwa lupango, lakini hakutoka vile alivyoingia. Bunduki ilibaki kituoni. Akatia sahihi na dole gumba kwenye karatasi ya ahadi, na akaambiwa faili litapelekwa mbele na ataitwa kujieleza, leseni nayo itaangaliwa upya. Mtu mzima amekaa anaandika maelezo kama mwanafunzi aliyechelewa.

Ikaja zamu yangu. Afisa akanisukumia fomu niweke sahihi. Kiarabu chenyewe ninachokijua ni cha jikoni na cha Kurani, fomu ya polisi siiwezi. Niliona jina langu limeandikwa pale juu, nikaiweka kalamu chini. Kwenye fomu za polisi, jina la mtu kama mimi mnajua huwekwa upande gani: wa mtuhumiwa.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, hapo pembeni ya jina langu umeandika mimi ni nani?"

Akageuza karatasi, akaweka kidole, akanisomea pole pole.

"Mtoa taarifa."

Akafungua droo, akanipa ikama yangu kwa mikono miwili.

Wakuu, nililia pale kwa sauti. Nikamkumbatia Madam, Madam akalia, askari wakatazama dari. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye maegesho kama mwendawazimu. Mimi, Mwanaisha, mtoa taarifa! Na Riyadh tulifika, jamani, na wiki tano baadaye nilikuwa Mombasa uwanja wa ndege, Rehema ananikimbilia na viatu vyenye kamba.

Nilichojifunza sasa. Sipingi mtu kuwa na silaha. Baba alikuwa na haki yake, leseni safi, mhuri safi. Lakini haki iliandikwa jina la mtu mmoja, na uzito wake ukabebwa begani na mtu ambaye sheria haimruhusu hata kuigusa. Kila nyumba yenye bunduki ina mtu wa namna hiyo. Anafua, anapanga, anahamisha vitu, na hakuna anayemwambia kilichomo.

Na wenzangu mlio Saudia, iwe Riyadh kule Shumaisi au Jeddah pale Hindawiyah, ukikutana na kitu kisicho chako, kitaje mapema, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Usingoje bosi akusemee.

Haya, uwanja wenu. Mniulize, mnibishie, mnitanie, nipo. Ila wewe unayeandika kurasa kwa kurasa kuhusu haki yako ya kumiliki bunduki, kabla hujanijibu naomba kwanza utuambie kitu kimoja: hapo unapoiweka, anayefagia ni nani?