Reli ya Vijiko

Krismasi ile kaka zangu wawili waliijenga reli ya Nairobi kwenye meza ya mama, nyumbani kwetu Nyeri, kabla sahani za mukimo hazijapoa. Mkubwa ni injinia. Alipanga vijiko kwa mstari kuonyesha treni nyepesi itakayopita juu ya ardhi, kando ya barabara. Mdogo, mwalimu, alipitisha mkono chini ya kitambaa cha meza kama fuko: treni ya maana hupita chini kwa chini, alisema, uliza nchi zilizoendelea. Injinia akasema kuchimba ni gharama, na mvua ikinyesha abiria watapiga mbizi. Mwalimu akasema jiji limejaa, hakuna pa kutandika reli. Mama aliwatazama kwa fahari. Mimi nilikuwa namimina chai.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hawakusema nyasi hizo hizo zitatumwa sukari.

Wakati huo nilikuwa na kibanda cha viazi Nairobi, kando ya barabara ile ile ya vijiko. Kibanda hicho ndicho kilichomsomesha injinia. Nikachukua kikombe changu, nikakiweka mbele ya vijiko.

"Hapa ndio niko," nikasema. "Treni gani itaniacha nibaki?"

"Wewe siz, hiyo ni kitu kidogo," injinia akanijibu. "Ati tusimamishe plan ya city mzima juu ya viazi?"

Akakisukuma kikombe pembeni. Mwalimu akakinywa bila hata kuangalia ni cha nani. Niliumia, na hakuna aliyeona.

Kabla ya Krismasi iliyofuata, vibanda vyetu vilichorwa alama ya X nyekundu. Tingatinga likaja asubuhi, likavisaga pamoja na viazi. Waliolileta walisema wanapisha reli. Reli haikuja, ya juu wala ya chini. Pale niliposimama miaka yote pamezungushiwa mabati, ndani pameota magugu. Nikarudi nyumbani, na sasa nauza viazi vyangu Karatina kwa madalali wanaovipeleka Nairobi.

Krismasi ikafika. Kaka zangu wakala, wakashiba, vijiko vikapangwa tena. Injinia alikuwa na hoja mpya. Hakuna aliyeniuliza habari za kibanda. Nikaanza kuviokota vijiko kimoja kimoja mbele ya macho yao.

"Mbona unatoa vijiko na watu bado wanaongea?" mama akauliza.

"Nabomoa, mami," nikamwambia. "Kujenga watajua wao."