Athumani Alikuja Kuomba Radhi

Asubuhi ile tulikuwa tunakunywa chai kando ya lori, upande wa Kongo, mimi, mdogo wangu Shabani na dereva Athumani Kibwana. Mimi napeleka vitenge kutoka Kariakoo kama nilivyozoea, Shabani ndiye utingo. Tulikuwa tumeegesha mlimani, matairi tumeyakingia mawe. Wanawake wanapita na madumu ya mawese, hakuna mwenye haraka.

"Braza, hili gari lako likiona mlima linakohoa kama mzee wa sigara," Shabani akamchokoza dereva.

"Shuka usukume basi, mtoto wa mama."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mlio wa kwanza tulidhani tairi.

Wa pili ulimwangusha mwanamke wa mawese.

Nilikimbia. Kitu kikanipiga mguu wa kulia. Sikusikia maumivu, nilisikia kiatu kimejaa maji ya moto. Shabani akanibeba, akanisukumia sakafuni kwa mbele, kando ya dereva, akafunga mlango. Akarudi kuondoa mawe, maana bila hivyo lori lisingetoka.

Lori likatoka.

"Shabani yuko wapi?"

"Amekufa. Risasi ya kichwa. Nimeona kwa macho yangu. Lala chini!"

Nikalala chini.

Matanga tuliyaweka Ilala kwa mama. Rehema, mke wa Shabani, akakaa eda. Athumani alikuja, akala pilau, akasimulia huku analia, watu wakamshika mkono kwa kuniokoa. Waliotupiga sikuwaona sura, sijui hata walikuwa wanagombania nini. Athumani Kibwana namjua, na msikiti anaoswalia naujua.

Mguu ulipona vibaya. Miaka yote nimeuburuza hapa mtaani kwetu Gerezani, mpaka juzi juzi ukaanza kutoa usaha. Hospitali wakanipasua, wakatoa vipande vya chuma. Sasa niko nyumbani, mguu juu ya mito, na kidonda kinanuka hadi chakula kinanishinda. Binti yangu Zuhura akikisafisha anageuza uso, anadhani simwoni. Nje mabasi ya mwendokasi yanapita na watu wenye miguu yao, mimi nimelala kama gunia.

Jana Athumani akaja. Kanzu nyeupe inang'aa, ananukia udi kama bwana harusi.

"Shikamoo," Zuhura akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa hajafa masikio," nikasema. "Niulize mwenyewe."

Akacheka, akakaa. "Pole sana, dada. Mimi naenda kuhiji, Mungu akipenda. Nazunguka kwa watu naomba radhi."

Desturi hiyo tunaijua sote. Mtu haendi Makka na haki za watu shingoni.

"Radhi kwa lipi?"

"Kwa yote. Binadamu tunakoseana."

"Radhi ya jumla kaombe sokoni. Hapa kwangu utaje."

Akamtazama Zuhura. Zuhura akatoka. Athumani akashusha sauti.

"Shabani hakufa pale. Mawe alishayatoa. Alikuwa anakimbia ubavuni kwangu, ameshika mlango. Ningepunguza mwendo tungekufa wote, dada."

"Alisema nini?"

"Aliniita. Braza, braza."

"Alipigwa?"

"Sijui. Mara ya mwisho nilimwona kwenye kioo, amesimama barabarani."

Amesimama.

Rehema alikaa eda ya mtu aliyekuwa amesimama. Tungejua, tungemuulizia kwa kila dereva anayerudi, tungepeleka picha yake mpakani, hata kama ni bure. Hatukuulizia, kwa sababu Athumani Kibwana alishatupa jibu, na tukamlisha pilau juu yake.

"Niambie basi umenisamehe. Tunaondoka Ijumaa," akasema.

"Toka."

"Dada, usinifungie njia. Nimekuja kwa moyo safi."

"Toka, Athumani. Udi wako unanitapisha kuliko huu mguu."

Akatoka taratibu, akimuaga kila jirani barazani. Atakwenda, atarudi, ataitwa Alhaji, watoto wa mtaani watamkimbilia kumpa mkono. Hilo nalijua na sina la kufanya.

Nimejaribu kupima nilichopoteza, nashindwa. Huenda mdogo wangu alikufa dakika ile ile lori lilipokata kona, na Athumani alitudanganya kidogo tu. Huenda aliishi mpaka jioni. Huenda aliishi miaka, anatungoja tuje, akachoka. Rehema ameolewa Tanga, ana watoto wengine. Nimwambie nini, na anifanyie nini?

Mama anakuja kesho kunitazama. Majirani watakuwa wameshamwambia nani alikuja, na ataniuliza alitaka nini. Alimlilia mwanawe akamaliza, na kila Ijumaa anamwombea kama maiti.

Nitamwambia alikuja kuaga, anasafiri.