Mke Mwenza Mwenye Kwato

Isipokuwa mara moja tu, Mama hakuwahi kumwita yule farasi jina lingine ila "mke mwenza". Asubuhi akimpa Baba chai angemwambia, "Mke mwenza ameamka. Enda umsalimie kwanza, mimi nimezoea kungoja." Baba angecheka, akamaliza kikombe akiwa amesimama, halafu akaenda zizini kweli. Mama angebaki mlangoni mwa jikoni ameshika kiuno, akitafuta mtu wa kumtolea hasira. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwetu ni Chekalini, ambako kila mtu analima mahindi na kila mazungumzo huishia kwenye mahindi. Ng'ombe tunamjua, punda tunamjua. Siku Baba alipoingia langoni akivuta farasi kwa kamba, watu waliacha majembe wakaja kutazama. Mmoja aliuliza kama anakamuliwa. Mwingine akauliza kama anavuta plau. Baba akasema hapana na hapana.

"Sasa kazi yake ni gani?"

Mama akamjibia. "Kuogopa. Hiyo ndiyo kazi yake."

Wala hakuwa anatia chumvi. Baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja kubwa upande wa Kitale tangu kabla sijazaliwa. Shamba lilipouzwa, farasi wote walipata wa kuwanunua ila jike mmoja wa rangi ya kahawia. Huyo, akiwa bado mdogo, upepo ulimwangushia mabati ya paa. Tangu hapo kitu chochote kinachometameta au kinachopiga kelele kilimtoa akili. Mwenye shamba alimwambia Baba amchukue awe wake, na Baba akaja naye kwa miguu, wakipita njia za mashambani ili wasikutane na malori.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya upili, nangoja kujua nitaelekea wapi, kwa hiyo nilikuwa na muda wa kuegemea ua na kuwatazama. Hadi leo nikifumba macho naona uwanja ule ulio nyuma ya ghala. Baba alipanga magogo ya mikaratusi chini, akaweka gurudumu kuukuu la trekta hapa, gunia tupu pale. Kisha akatembea na farasi katikati ya hivyo vitu, kamba ikiwa imelegea mkononi kana kwamba amesahau ameishika. Farasi akisimama, Baba naye alisimama. Ningemwuliza wanangoja nini.

"Anaangalia," angesema. "Mwache aangalie, macho ni yake."

Alitia punje za mahindi ndani ya mtungi wa plastiki, akafunga kifuniko na kuupiga teke. Mtungi ulipiga kelele, farasi akatimua mbio hadi mwisho wa uwanja. Baba hakumfuata. Aliendelea kuucheza mtungi wake peke yake, akiupiga kuelekea upande mwingine, akipiga mbinja wimbo wa kanisa. Nilidhani ni mchezo wa mzee aliyekosa kazi. Lakini kabla ya mvua kuanza, farasi ndiye aliyekuwa akiufuata mtungi na kuusukuma kwa pua, na Baba akimshangilia kama mtu aliye mpirani. Nilicheka hadi Mama akatoka kuona kuna nini. Akatazama, akafyonza, akarudi jikoni.

Kulikuwa na mbinja ya kumwita. Sauti mbili tu, ya chini halafu ya juu. Farasi akiisikia, hata akiwa mwisho wa shamba, aliinua kichwa na kuja. Siku moja niliijaribu nami, na Mama akanitokea na mwiko mkononi.

"Msichana hapiganga mbinja! Unaita nyoka ama unaita matanga?"

Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na kwake mambo ya namna hiyo hayakuwa na mjadala. Niliufunga mdomo wangu.

Miaka ilipita. Nilipata kazi ya kufundisha watoto wa chekechea Kakamega mjini, nikapanga chumba Shieywe, na habari za farasi nikawa nazipata kwa simu, kupitia malalamiko ya Mama. Halafu msimu mmoja wa kuvuna alinipigia simu bila kulalamika, na nikajua kuna jambo. Baba alikuwa ameanguka kati ya mistari ya mahindi. Kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali wiki ile tuliyofunga shule. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, maneno yamekwisha. Senje, dada yake Baba, alikuwa amezunguka kanisa zima kuomba mchango, wakamnunulia kiti cha magurudumu, kipya, chuma chake kikimeta. Tulimkalisha barazani, na kabla hata hajanywa maji akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea uwanjani. Alitaka kumwona farasi.

Tukamsukuma. Farasi alimwona, akapiga hatua kuja. Kisha jua likagonga kile chuma na magurudumu yakalia juu ya kokoto. Aligeuka, akavunja ua, akapita katikati ya turubai la jirani lililokuwa na mahindi yaliyoanikwa. Baba akakaza midomo ili ampigie mbinja. Ilitoka hewa na mate. Akajaribu tena, ikatoka hewa. Machozi yakamteremka upande mmoja wa uso, na mimi, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku aliyomzika mama yake, sikujua nitazame wapi.

Farasi alirudi mwenyewe jioni, lakini baada ya hapo Baba hakutaka redio wala wageni, na chakula akakirudisha. Mama alimpikia uji, akampikia mchuzi wa ingokho, kuku wa kienyeji anayempenda, naye akageuza uso ukutani. Daktari alikuwa ametuonya kwamba asipokula tutampoteza. Baba hakuhitaji kusema anachokitaka. Alitaka farasi wake aje kwake, basi.

Siku ya pili Mama akafunga kitambaa kichwani kwa nguvu. "Leta hicho kiti," akaniambia. "Huyu mke mwenza atakuja hata kama ni mimi nitambeba."

Tulimwacha Baba barazani kwenye kiti cha kawaida, tukaweka kipande cha sukari nguru kwenye kile cha magurudumu, tukakisukuma polepole kumwendea farasi. Alikimbia. Tukakisukuma kutoka upande mwingine. Alikimbia vilevile. Kesho yake tukafunika chuma kwa leso, na bado alikimbia. Na kila tulipojaribu, Baba kule barazani aliutikisa mkono wake wa kushoto kuelekea nje, nje, huku akitoa sauti nzito kooni, kama unavyofukuza kuku waliovamia nafaka.

"Anatufukuza," Mama akasema.

"Amechoka tu, Mama."

"Ananifukuza mimi."

Jioni moja, akisonga obusuma, ugali wetu, Mama alisema bila kunitazama, "Miaka yote hii nampikianga. Leo nafukuzwa kwa sababu ya mke mwenza." Aliisema kwa sauti ya utani, ila hakucheka, na mwiko ulisimama ndani ya sufuria kwa muda. Niliumia kwa ajili yake. Nilimkasirikia Baba pia, nasema kweli, pamoja na ugonjwa wake.

Kisha Senje akaja kututembelea. Alipita nyuma ya ghala, akakiona kiti cha mchango kimekwama kwenye mabua ya mahindi, magurudumu yamejaa udongo, na Mama amekaa ndani yake akimbembeleza farasi aliye mbali.

"Mulamwa!" alipiga kelele, kwa maana ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu. "Kanisa lilichanga kwa ajili ya ndugu yangu ama kwa ajili ya punda?"

"Ni farasi," Mama akasema.

Ile ndiyo mara moja niliyoitaja.

"Mgonjwa amekaa kwa kiti cha mbao, na wewe unacheza! Hata yeye mwenyewe anakufukuza, ona mkono!"

Hilo lilimchoma Mama. Alishuka, akakamata vishikio vya kiti, akampa farasi mgongo na kuondoka nacho mkukumkuku kuelekea nyumbani, akinung'unika kwa Kiluhya maneno ambayo kiongozi wa akina mama hapaswi kuyajua. Kiti kiliruka juu ya mabua na kupiga kelele kuliko siku zote.

Nilimtazama farasi, nikitarajia akimbie. Aliinua masikio. Akapiga hatua moja. Kiti kikaendelea kwenda, naye akapiga nyingine, shingo ameinyoosha, kama mama mbea anayetaka kujua gari la wageni linaingia kwa nani. Alikuwa anakifuata. Na barazani Baba alikuwa anautikisa mkono ule ule, nje, nje, lakini sasa nusu ya uso wake ilikuwa inacheka.

"Mama, usigeuke!" nikaita. "Enda tu! Enda!"

Mtungi. Nilikumbuka mtungi wa punje ukipigwa kuelekea upande mwingine, na mzee asiyemfuata mtu. Baba hakuwa anatufukuza. Siku zote zile alikuwa anatuambia tukiondoe kiti, tukipeleke mbali, farasi aone kwamba kitu kinachotisha kinamkimbia yeye, na mwenyewe ataanza kukitafuta.

Mama alifika barazani akihema, akageuka, akamwona farasi amesimama nyuma yake, mbali kidogo, anapumua kwa nguvu. Kisha akautazama mkono wa mumewe. Alielewa kabla sijamweleza.

"Kumbe hukuwa unanifukuza," akasema. Akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa leso na kulia kwa sauti.

Likizo iliyobaki ilikuwa mchezo mtupu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena nyumbani kwetu. Tulimkimbia farasi asubuhi na jioni. Mama alisukuma nikiwa nimekaa, kisha yeye akakaa nikamsukuma, akipiga mayowe na kushikilia kitambaa chake. Tulifunga ule mtungi nyuma ya kiti, ukaburuzika na kelele zake zote, na farasi akaufuata kama rafiki wa zamani. Akianza kusogea tulisimama, tukampa mgongo, tukajifanya tunazungumza bei ya mbolea. Mwishowe alikuja kunusa magurudumu, halafu akala kona ya mto wa kiti, na alama ya meno ilibaki. Baba alitazama yote, na akaanza kunywa uji.

Lakini mbinja bado ilikuwa imepotea. Asubuhi moja nilisikia nyuma ya ghala sauti kama ya birika inayokaribia kuchemka. Nikachungulia. Mama alikuwa amesimama peke yake, midomo ameifinya, anapuliza. Ana pengo la jino la mbele, na hewa yote ilikuwa inapitia huko. Aliponiona hakuona haya.

"Mwanamke hapiganga mbinja," nikamkumbusha.

"Nyamaza. Shika hilo beseni."

Senje naye aliisikia, akauliza kama tunataka kuleta nyoka kwenye boma la ndugu yake. "Waje," Mama akasema. "Mimi nimeishi na mke mwenza mwenye kwato. Nyoka watanifanya nini?"

Siku yenyewe tulimvisha Baba koti lake la kazi la zamani, tukamkalisha kwenye kiti. Mama akamsukuma kukatiza uwanja, akiwa amempa farasi mgongo. Katikati alisimama. Alijilamba midomo, akapiga mbinja: ya chini, halafu ya juu. Ile ya juu ilikwaruza na kupinda, lakini ilikuwa yenyewe. Farasi akaja bila kukimbia na bila kusitasita. Alipita kando ya Mama, akanusa gurudumu, akaweka pua kwenye mkono wa kushoto wa Baba uliokuwa wazi gotini. Kisha akahamia ule mkono uliokufa na kuupumulia. Baba alitoa sauti ambayo sitaisahau, na Mama, aliyesimama nyuma yake, alimwekea mkono begani akamwacha afaidi. Usiku huo Baba alimaliza obusuma yake akagonga sahani ili aongezwe.

Tulikaa naye misimu miwili zaidi ya mahindi. Alikwenda akiwa amelala, na tukamzika kando ya ule uwanja. Kiti, chenye alama ya meno kwenye mto, kanisa lilimpelekea mgonjwa mwingine. Wajomba walimshauri Mama amwuze farasi, kwani nani atamtunza sasa. Mama aliwaambia atafikiria. Simu zake zikawa fupi. Hakulalamika tena, na hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Mwezi uliopita nilienda kumwona. Nilimkuta amekonda, anapika sufuria ndogo. Kila nilipomwuliza alisema yuko sawa. Jumapili alasiri akanifungia mayai na unga, akanisindikiza hadi langoni.

"Enda, utachelewa kufika Kakamega. Mimi niko na mke mwenza," akasema. "Tumebaki wajane wawili, tunaongeanga."

Nilisimama, mkoba begani. Yeye akautikisa mkono kuelekea nje, nje, kisha akanipa mgongo na kuanza kutembea kwenda uwanjani. Alipofika kwenye ua akapiga mbinja, na mwisho wa shamba farasi akainua kichwa. Mama hakumngoja. Aliendelea kwenda, na farasi akaja akashika nafasi nyuma yake.

Niliuweka mkoba chini, hapo langoni, nikawafuata.